Siku Sitini na Moja za Maji

Makindu,
Jumatatu, 3 Februari 2025

Kwa Bwana K. Muli,
Karani wa Kanisa, Migwani.

Bwana asifiwe.

Hii ni barua yangu ya tatu kwa jambo lile lile. Ya kwanza niliandika Oktoba, ya pili Desemba. Kama mna sanduku la kulazia barua za watu, tafadhali nitoe humo.

Naomba barua ya kuhamisha ushirika wangu kutoka Migwani kuja hapa Makindu. Ni karatasi moja, mistari minne na muhuri. Pasta Gikonyo wa hapa hasimiki mzee wa kanisa bila barua kutoka kule alikotoka, na mimi nimepangiwa kusimikwa Jumapili tarehe 27 Aprili. Tena wamenipa orodha ya chakula cha msaada, niamue ni familia zipi zinastahili, na funzo la Alhamisi juu ya Mkristo na kazi. Watu hawa wamenijua miaka miwili tu. Ninyi mmenijua kumi na tisa na hamna haraka.

Kwa kuwa wewe ni karani mgeni, nikujulishe mimi ni nani. Nimekuwa shemasi hapo miaka kumi na moja. Wakati wa ule ukame wa 2022 nilikuwa mwenyekiti wa mwethya uliojenga bwawa la mchanga pale mtoni: nyumba thelathini na nane zikifanya kazi pamoja, siku sitini na moja, ukuta wa mita ishirini na tatu wa kuzuia mchanga ili ushike maji. Mafuriko mengi yamekuja na kupita juu yake, na sijasikia una ufa. Mimi sikurithi kitu. Nilifika Makindu na nyundo na roli mbili za waya, leo nina duka la vifaa vya ujenzi na lori. Sijazoea kuomba kitu mara tatu.

Wako katika Kristo,
Jonah Mwau


Migwani,
Jumatatu, 24 Februari 2025

Mpendwa Mzee Mwau,

Bwana asifiwe. Barua zako zilifika zote. Mbili za kwanza zilimkuta karani aliyekuwa mgonjwa. Mimi nimeshika kazi mwezi wa kwanza.

Unajua utaratibu. Kabla ya barua kutoka, jina la anayehama hutangazwa Jumapili tatu, ili mwenye neno naye aseme. Nilikutangaza tarehe 9, kukawa kimya. Tarehe 16, kimya. Jana nilipomaliza kusoma jina lako, Mzee Kisilu alisimama na fimbo yake akasema hivi, nimeandika kama alivyosema: "Huyo msimpe karatasi. Ana neno na Syombua na halijaisha." Akakaa.

Wazee wameamua barua isubiri mpaka neno hilo liishe.

Ni mimi,
K. Muli, karani


Makindu,
Ijumaa, 28 Februari 2025

Bwana Muli,

Nimesoma barua yako nikiwa nimesimama, na bado nimesimama.

Kisilu! Mtu ambaye siku aliyochelewa kwenye mwethya nilimwandikia nusu siku badala ya kumfuta, kwa kumhurumia. Huyo ndiye anaamka baada ya miaka miwili na nusu?

Hebu nikupe ukweli, kwa sababu inaonekana hapo watu wanakula hadithi. Mwaka ule wa 2022 shirika moja lilileta chakula, likasema ni cha kazi, si cha bure. Anayejenga bwawa siku arobaini na tano au zaidi apate gunia la mahindi, kilo ishirini za maharagwe na mafuta lita tano. Nikapewa kitabu. Kila asubuhi saa moja na nusu niliita majina pale juu ya ukingo. Aliyeitika, alama. Ambaye hakuitika, sifuri. Sikumpendelea hata ndugu yangu wa tumbo moja, na yeye alipata arobaini na nane kwa jasho.

Syombua alikuwa na siku nne. Nne kati ya sitini na moja. Jumapili tarehe 16 Oktoba niliposoma orodha kanisani, nilisoma majina thelathini na saba ya kupokea, na jina moja la kukatwa. Nilifungua Biblia barua ya pili kwa Wathesalonike, sura ya tatu, mstari wa kumi, mahali Paulo anasema asiyetaka kazi asile pia. Si mimi niliyeandika mstari huo. Na kama unataka kujua alikuwa mama wa namna gani, siku hiyo hiyo aliingia kanisani amechelewa, wimbo wa pili umekwisha, pindo la sketi limelowa na lina matope. Mtu anayeheshimu nyumba ya Mungu?

Niambie basi, neno langu na yeye ni lipi? Nilihesabu. Kuhesabu ni dhambi siku hizi?

Nataka barua yangu kabla ya Machi kwisha.

Jonah Mwau


Migwani,
Jumatatu, 10 Machi 2025

Mzee Mwau,

Kwanza, mimi si bwana. Jina langu ni Kalondu. Ulipoandika "Bwana Muli" sikukurekebisha, na hilo ni kosa langu, naomba unisamehe. Muli ni marehemu baba yangu. Syombua ni mama yangu.

Pengine hunikumbuki. Jumapili ile nilikuwa benchi la kwaya, kidato cha nne, mtihani ukiwa wiki chache mbele. Wazee wanajua mimi ni nani, na niliwaomba wampe mtu mwingine barua hii. Walikataa. Walisema karani ni karani. Kwa hiyo nitakuandikia kama karani, na pale nitakaposhindwa utaona.

Mzee, ukuta ule ulijengwa kwa mawe, mchanga, simiti na nini tena?

Umeandika kurasa mbili na hukutaja maji hata mara moja.

Mwanzoni maji yalitakiwa kuletwa na punda wa Kisilu. Punda alikufa siku moja kabla ya kazi kuanza, ukame ulimmaliza. Mke wa Kisilu akaja kwetu jioni hiyo kumwomba mama, kwa sababu kwetu kulikuwa na wilbaro ya baba. Kuanzia hapo mama alikuwa akiondoka alfajiri kwenda kile kisima cha mchangani kwenye kona ya mto, kilomita moja na nusu. Mitungi mitatu ya lita ishirini kwa safari moja, safari nne kwa siku. Alimwaga kwenye mapipa yale ya upande wa chini, na pipa likijaa anarudi. Wewe uliita majina juu ya ukingo saa moja na nusu. Saa hiyo alikuwa ndani ya mto na gurudumu limezama mchangani. Zile siku nne unazosema ulimwona ni siku nne ambazo gurudumu liliharibika, akaja kubeba mawe na wengine.

Nyumba thelathini na saba zilijua. Hata mimi nilijua. Hakuna aliyefungua mdomo, kwa sababu kila mtu aliogopa kitabu chako. Hilo ni la kwetu, na wazee wameanza kuliomba msamaha.

Lakini mama mwenyewe alisema. Unakumbuka? Alisimama akasema, "Mzee, uliza maji." Ukatabasamu, ukageukia watoto wa Sandi-skuli ukasema, "Mpeni mama maji anywe, akae chini." Wakaleta gilasi. Watu wakacheka. Alikunywa, Mzee. Alikunywa yote, kwa sababu alikuwa na kiu, akakaa.

Mtihani wangu niliufanya nikila kwa Kisilu, ambaye aligawa gunia lake mara mbili akatupatia nusu. Desemba mama alienda Mukuyuni kwa dada yake. Anauza mboga sokoni. Hajaingia kanisa letu tena.

Kile kitabu uliondoka nacho. Wazee wanakuomba ukifungue.

Kalondu Muli, karani


Makindu,
Alhamisi, 13 Machi 2025

Binti yangu Kalondu,

Nimepokea. Sikujua ni wewe.

Kitabu sijui kiko kwenye katoni gani, duka limejaa. Lakini mimi si mtu wa kubishana na mtoto wa marehemu Muli, ambaye tulichimba vyoo vya shule pamoja. Ikiwa kulikuwa na kutoelewana, tukumalize kwa vitendo. Leo asubuhi nimempakilia dereva wangu, Gicheru, tangi la maji la lita elfu mbili na mia tatu, jipya, na marobota manne ya unga, apeleke Mukuyuni kwa mama yako. Gunia alilokosa lilikuwa kilo tisini. Marobota hayo yanafika tisini na sita. Nimeongeza.

Naamini wazee sasa wataona jambo limekwisha. Tarehe 27 Aprili iko karibu.

Mzee Mwau


Mukuyuni,
19 Machi 2025

Mwau,

Kijana wako Gicheru ana adabu. Alipofika na lori sokoni watu wote walisimama kuangalia, akashuka akaniita mama, akasema ameniletea zawadi. Nikampa chai. Nikamwambia arudi nayo yote. Akasema, "Mama, nitamwambia nini mzee?" Nikamwambia, mwambie tangi ni zuri, na kifuniko chake kimekaa vizuri.

Usifikiri sina haja ya tangi. Hapa nachota maji mahali pa mbali. Nilikataa na mgongo unaniuma.

Sikiza nikuambie. Hukuninyang'anya unga. Mahindi yalikuja, yakaliwa, yakaisha, hata ya wale uliowapa. Ulisimama mbele ya kanisa zima ukasema mimi ni mvivu, ukamtia Paulo mdomoni mwako. Hapa Mukuyuni kuna mwanamke wa Migwani anauza nyanya meza ya tatu kutoka kwangu. Nikichelewa kufungua anawaambia wateja, "Huyo alikatwa na Biblia." Anasema akicheka. Wateja nao wanacheka. Lori lako litanyamazisha hiyo?

Una kitabu. Usiniambie katoni, nakujua, wewe hupotezi hata msumari. Nenda ukasome siku zangu pale pale uliposimama, kwa sauti ile ile.

Na ule mstari. Ulisoma wa kumi ukafunga Biblia. Endelea mpaka wa kumi na tatu.

Syombua


Makindu,
Jumatano, 26 Machi 2025

Mama Kalondu,

Lori lilirudi likiwa limefungwa kamba vile vile lilivyotoka. Gicheru alisema maneno ya kifuniko mbele ya wateja watano. Nikajifanya nacheka.

Nilimdanganya Kalondu. Kitabu hakikuwa kwenye katoni. Kiko kwenye droo ya meza yangu, juu ya vitabu vyote, na huwa nawaonyesha watu. Pasta Gikonyo alikiona mwezi wa tisa, ndiyo sababu alinichagua. Alisema hajawahi kuona hesabu safi kama hiyo. Barua ya Kalondu ilipofika nilikifungua siku ile ile, kabla sijampakilia Gicheru tangi. Nikakifunga.

Nikueleze kilichomo. Chini ya kila ukurasa, chini ya majina, nilikuwa naandika vifaa vya siku. Simiti, mifuko kadhaa. Mawe, marundo kadhaa. Mchanga, upo. Halafu mstari wa mwisho. Tarehe 1 Agosti 2022: "Maji: yapo." Tarehe 2: "Maji: yapo." Kwa mkono wangu, wino wangu. Nimehesabu mara tatu. Kurasa sitini na moja, "Maji: yapo" sitini na moja. Zile siku nne gurudumu liliharibika, kumbe ulijaza mapipa jioni iliyotangulia ukibeba mgongoni, maana hata hizo yapo. Nilijua idadi ya misumari. Maji nilidhani yako tu.

Lita mia mbili na arobaini kwa siku. Mara sitini na moja ni lita elfu kumi na nne, mia sita na arobaini. Mwendo, kilomita kumi na mbili kila siku, ni mia saba thelathini na mbili. Ni kutoka hapa mpaka Mombasa, kurudi, na bado una mwendo. Kwa wilbaro. Mchangani.

Gilasi ile naikumbuka. Niliisahau makusudi.

Nina ombi, na naona aibu kuliomba. Bwana Yesu katika Mathayo sura ya kumi na nane anasema ndugu akikukosea mwendee, mzungumze ninyi wawili peke yenu. Je, nisije Mukuyuni, tukae, nikuombe msamaha? Au mbele ya wazee, watu kumi na wawili? Kanisa zima, mama, lina wafanyabiashara wanaonunua kwangu. Kuna vijana niliowafundisha. Na wa hapa Makindu watasikia.

Jonah Mwau


Migwani,
Jumanne, 1 Aprili 2025

Mzee Mwau,

Jumamosi nilienda Mukuyuni nikamsomea mama barua yako, miwani yake imevunjika. Aliendelea kufunga sukuma wiki. Kisha akasema, "Andika."

Anasema: huo mstari wa Mathayo ni wa aliyekosewa. Ni yeye aliyetakiwa kuchagua kukuendea peke yake, na angependa sana kama wewe ungemfanyia hivyo ile Oktoba, uje nyumbani umuulize, "Mama Kalondu, mbona nina siku zako nne?" Nyumba yetu ilikuwa njiani kwako. Ulipita mlangoni siku zote sitini na moja.

Anasema wewe soma Mathayo tano, mahali pa mtu aliyefika madhabahuni na sadaka yake akakumbuka ndugu yake ana neno naye. Anaiacha sadaka hapo hapo, anaenda. Haambiwi atume lori.

Anasema waliomcheka walikuwa mia mbili na kumi na wawili. Idadi hiyo uliitangaza wewe mwenyewe kwenye mahudhurio siku ile.

Hapo ndipo alipoishia. Sasa mimi. Nikiwa karani nakujulisha kwamba Jumapili ya matawi, tarehe 13 Aprili, wazee wamekupa nafasi baada ya wimbo wa pili. Ukija, sawa. Usipokuja, nitaandika kwenye kumbukumbu kwamba ulialikwa. Mama anasema huenda atakaa nyuma, huenda hatakuja, na usimtafute kwa macho.

Kalondu


Migwani,
Jumanne, 15 Aprili 2025

KWA MCHUNGAJI NA WAZEE WA KANISA, MAKINDU

Barua ya kuhamisha ushirika: Ndugu Jonah Mwau

Ndugu aliyetajwa alikuwa mshirika wetu miaka kumi na tisa, na shemasi miaka kumi na moja. Aliongoza ujenzi wa bwawa, na ukuta ni imara. Tarehe 16 Oktoba 2022 alimwaibisha mshirika Syombua Muli mbele ya kanisa kwa kumwita mvivu, na akamnyima chakula chake, kwa hesabu isiyokuwa kamili. Kanisa lilijua na likanyamaza. Tarehe 13 Aprili 2025 alisimama mahali pale pale, akasoma siku sitini na moja za Syombua, tarehe kwa tarehe. Ilimchukua dakika kumi na tisa. Sauti ilimkatika alipofika tarehe za Septemba, akaomba maji, akapewa.

Hatuna neno lingine naye. Tunamwachilia kwenu kwa upendo.

Kalondu Muli, karani

(Mzee, hiki kipande ni chako, kikate kabla hujampa pasta. Ulipoomba maji sikumtuma mtoto. Nilijiwa na wazo la kukuacha na kiu, uone. Kisha nikakuletea mwenyewe. Nataka ujue yote mawili. K.)


Mukuyuni,
Ijumaa Kuu, 18 Aprili 2025

Mwau,

Nilikuwa nyuma, upande wa mlango, nyuma ya yule mwanamke mnene wa duka la dawa.

Ulisoma vizuri. Yule wa nyanya alisikia kutoka kwa dada yake, Jumatatu akaja mezani kwangu akanunua dania ambayo yeye mwenyewe anauza. Hakucheka. Nikampa, na kidogo juu.

Nimekusamehe. Nakuandikia hilo mapema ili usome hii iliyobaki bila kutetemeka.

Ulisoma sitini na moja, ya mwisho Jumamosi tarehe 15 Oktoba. Ukafunga kitabu. Mwau, wewe ni mtu wa simiti. Kipande cha mwisho cha ukuta kilimwagwa Jumamosi hiyo. Niambie wewe, ukuta mpya unanyweshwa maji siku ngapi ndipo usipasuke?

Ulimwambia mtoto wangu kwa barua kwamba niliingia kanisani nimechelewa, sketi imelowa. Alinisomea. Ulifikiri nilikuwa natoka wapi?

Usinipigie hesabu tena. Nilikuambia uende mpaka mstari wa kumi na tatu. Sijui kama ulifika.

Syombua


Makindu,
Jumanne, 22 Aprili 2025

Mwaitu,

Nakuita mama kwa lugha yetu kwa sababu sina jina lingine la kukuita ambalo sijalichafua.

Siku saba.

Kila fundi anajua. Wateja wangu nawaambia kila siku, nikiwauzia mfuko wa simiti nawaambia, "Nywesha siku saba, la sivyo usinirudie na nyufa."

Nimefungua kitabu tena. Baada ya ukurasa wa Jumamosi tarehe 15 kuna ukurasa ambao huwa siwaonyeshi watu kwa sababu hauna majina. Nilichora tarehe saba na mbele ya kila moja nikaandika kama ukuta umelowa. Nilipita kila jioni, nikagusa kwa kiganja. Jumapili 16, umelowa. Jumatatu 17, umelowa. Jumanne, umelowa. Mpaka Jumamosi 22. Nilifikiri ni umande. Umande, mwaitu, mwaka wa ukame, mimi mtu wa simiti. Au sikufikiri kitu.

Jumapili uliunywesha kabla ya kanisa. Kisha nikakuita mvivu, nikakupa gilasi. Kesho yake ulirudi mtoni na wilbaro, nyumbani hakuna unga, kuunywesha ukuta wangu. Siku sita zaidi. Nimefika mstari wa kumi na tatu. Unasema tusichoke kutenda mema. Nimeufundisha mstari huo mara nyingi na nilidhani nauelewa.

Barua ya Kalondu ilikaa kwenye droo yangu tangu Jumatano hadi jana. Nilifikiria kumwambia pasta imepotea njiani. Jana nimempa, na kile kipande sikukikata. Nimemwomba asinisimike tarehe 27. Alisema aibu ikishatubiwa inaisha. Nikamwambia yangu bado ina kazi: Januari nilikata majina manne kwenye orodha ya chakula hapa Makindu, kwa kalamu ile ile, bila kubisha hodi hata nyumba moja. Nimeanza. Wa kwanza ni mzee ambaye haji kazini kwa sababu anamlea mke asiyeamka kitandani. Alinifungulia mlango akaniuliza, "Umekuja kukata nini tena?"

Nimemwandikia Kalondu anipe nafasi Jumapili tarehe 4 Mei. Nitasoma zile saba. Nimemwomba Kisilu aniazime wilbaro. Alfajiri hiyo nitaenda kwenye kona ya mto nijaze mitungi mitatu, niisukume mchangani mpaka ukutani, safari moja tu. Silipi kitu, najua hailipiki. Nataka mikono yangu ijue nilichoandika.

Kwa hiyo nikiingia kanisani wimbo wa pili umekwisha, na suruali imelowa pindoni, waambie walio karibu nawe wasicheke. Au waache wacheke.

Jonah Mwau